Kitovu cha Elieza

Mzee Methusela alikuwa wa kwanza kutema. Alitemea pembeni ya tuta, akapangusa mdomo kwa mkono wa sweta, akalitazama lile bakuli kwa muda.

"Mama Elieza," alisema, "huu ulanzi umeugema kwenye mwanzi au kwenye taa?"

Watu walikuwa shambani tangu asubuhi. Ndivyo palizi inavyokwenda Kitandililo: unawaalika majirani, wanakuja na majembe yao, wanapalilia mahindi yako mpaka yaishe, na wewe unawatuliza kwa ulanzi, pombe ya mianzi. Wale wa kwaya wanaoogopa mchungaji unawapikia chai, ingawa nao mchungaji akiwa mbali utawaona wanasogea sogea. Ulanzi ukiwa mzuri, mwakani watakuja hata usipowaita. Ukiwa mbaya, utapalilia peke yako mpaka mgongo ukuite jina.

Zipora, Mama Elieza mwenyewe, alilichukua bakuli. Hakuhitaji kuonja. Mafuta ya taa yalimpiga puani kabla halijafika kidevuni.

"Elieza," aliita, "huu ulanzi umeutia kwenye dumu gani?"

Elieza alikuwa amesimama kando ya dumu lenyewe, kata mkononi, tayari kumpa mtu wa pili. Ukimwona kwa mbali ungesema mtoto wa darasa la saba aliyerefuka ghafla: mikono mirefu, miguu mirefu, uso laini usio na hata unywele mmoja. Sauti yake nayo ilikuwa ya kitoto. Alikuwa na miaka ishirini na nne. Wenzake aliosoma nao walikuwa wanapeleka watoto kliniki, na yeye msibani bado alitumwa kuchota maji pamoja na watoto.

"Lile la bluu, mama. Nililisuuza."

"La bluu lilikuwa la mafuta ya taa. Hukusikia harufu?"

Elieza aliinama, akatia pua kwenye mdomo wa dumu, akavuta pumzi kwa nguvu. Kisha akainua uso na kuwatazama watu wote mmoja mmoja.

"Harufu gani?"

Watu walicheka. Nani asingecheka? Mgema mzima anayewanywesha watu mafuta ya taa, halafu anauliza harufu gani. Mzee Methusela alisema kuanzia leo asivutie mtu sigara karibu yake, atawaka. Zipora naye alicheka kidogo, cheko la kutafuta mlango wa kutokea, akaomba radhi, akakimbilia nyumbani kuwatolea akiba iliyokuwa kwenye mbeta za mianzi, ule aliokuwa ameuweka wa kuuza kilabuni.

Mtu mmoja hakucheka. Nelly, mhudumu wa afya wa mtaa wao, aliyekuja kupalilia kama jirani, alimfuata Elieza kwenye kivuli cha mahindi.

"Elieza, kweli husikii harufu? Hata ya kinyesi cha ng'ombe? Hata ya kitunguu?"

"Dada Nelly, niseme ukweli?" Aliangalia kama kuna mtu karibu. "Mimi nilidhani watu wanasema tu. Mtu anakaribishwa chakula anasema kinanukia. Nilidhani ni namna ya kushukuru."

Jioni hiyo Nelly alikwenda jikoni kwa Zipora, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa mara mbili.

"Mama Elieza, kuna daktari anakuja Njombe mara moja kwa mwezi, daktari wa mambo ya homoni. Mpeleke kijana. Kutobalehe, na sasa pua. Mimi sijui vinahusiana vipi, lakini si kawaida."

"Tumeshazunguka, Nelly. Wanging'ombe kwa mganga nilikwenda. Uwemba kwa masista nilikwenda, na mimi Mlutheri, nikawashiwa mshumaa. Basi, Mungu anajua."

"Hospitali umekwenda?"

Zipora alichochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

"Mficha uchi hazai, mama," alisema Nelly, akaaga.

Ni methali ya kila siku, na Nelly aliisema kama inavyosemwa. Lakini ilimchoma Zipora mahali ambapo Nelly hakupajua. Hospitali alikuwa haiogopi kwa ajili ya dawa wala sindano. Aliogopa swali. Alijua daktari yeyote ataanza na kuzaliwa, na akishafika kwenye kuzaliwa atafika kwenye kitovu, na hapo mwanawe atajua ni nani aliyemharibu.

Tuseme wazi, maana pale nyumbani halikusemwa wazi kwa miaka mingi. Mtoto wa kiume akizaliwa, kitovu chake kinalindwa. Kikikauka na kukatika, kisije kumdondokea kwenye uume, maana kikimdondokea hapo, wanasema, hatakuwa mwanaume kamwe. Zipora aliambiwa akeshe. Alikesha, akakesha tena, na alfajiri moja uchovu wa kujifungua na baridi ya Juni vikamshinda, akalala. Mama mkwe wake, Bibi Dorosela, ndiye aliyekuja kumwogesha mtoto. Alifungua nepi, akakikuta kitovu kimelala pale pale pasipotakiwa.

"Umemuua mwanaume," alisema Bibi Dorosela. Hakupiga kelele. Alikizika kitovu mwenyewe, na tangu siku hiyo hakumwita Zipora mwanangu. Alimwita mke wa Amos. Hata Amos alipohamia Tunduma na kuoa mke mwingine aliyemzalia watoto wa kutosha, Zipora aliendelea kuwa mke wa Amos, kwenye nyumba ndogo nyuma ya nyumba ya mkwe, akigemewa ulanzi na mtoto asiyekua kwenye mianzi ya mkwe huyo huyo.

Elieza alipokuwa kidato cha pili, mwalimu wake alimwita Zipora akamwambia ampeleke mtoto akapimwe. Zipora alisema ndiyo mwalimu. Hakumpeleka. Mtu asimhukumu haraka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Lakini safari hii hakuwahi kusema ndiyo wala hapana, kwa sababu asubuhi ya siku ya daktari Elieza alikuwa amekwisha vaa shati la kanisani.

"Dada Nelly ameniambia. Mimi nakwenda, mama. Ukitaka twende, twende."

Njombe kulikuwa na ukungu, na watu kwenye benchi la hospitali walijikunyata ndani ya makoti. Daktari Anneth alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, mwenye sauti ya taratibu. Alimpima Elieza urefu wa mwili na urefu wa mikono, akampeleka nyuma ya pazia, akarudi, akanawa. Kisha akafanya jambo ambalo Zipora hakulitegemea. Alitoa kwenye droo kopo la kahawa, akamwambia Elieza afumbe macho, akalipitisha chini ya pua yake.

"Hiki nini?"

"Hakuna kitu."

Akamenya chungwa, akalibana ganda hadi likatoa mvuke wake. Chumba kizima kikajaa chungwa.

"Na hiki?"

"Maji?" alisema Elieza.

Daktari aliitikia kwa kichwa kwa namna ya mtu aliyepata alichokuwa anatafuta. Akamgeukia Zipora.

"Mama, wakati wa kuzaliwa kwake kulikuwa na tatizo lolote?"

Ndilo hilo. Zipora alikuwa ameliwaza swali hili kwa namna nyingi, na majibu alikuwa nayo, ya kweli na ya uongo. Alimtazama mwanawe. Alitaka kumwomba atoke nje, akashindwa hata kwa hilo.

"Kitovu kilimdondokea," alisema. "Nilisinzia. Bibi yake alikikuta. Kosa ni langu, daktari, yeye hana hatia, mtibuni tu."

Elieza alifumbua macho.

Daktari Anneth hakucheka, na Zipora atamshukuru kwa hilo mpaka kufa. Alivuta kiti akakaa karibu naye, magoti kwa magoti.

"Mama, mimi ni wa huku huku. Hata mimi mama yangu alikilinda kitovu cha kaka yangu usiku na mchana. Sasa nisikilize vizuri. Kitovu kikishakatwa ni kipande cha ngozi kinachokauka. Kikidondoka tumboni, kikidondoka usoni, kikidondoka popote, hakifanyi kitu. Hakijawahi kumfanya mtu yeyote kitu."

"Sasa ni nini?"

"Ni jambo lililotokea tumboni, mimba ikiwa changa. Kuna chembe ndogo zinazopaswa kufika kwenye ubongo, ndizo baadaye zinazouamuru mwili ubalehe. Zinaanzia puani. Zinasafiri njia moja na mishipa ya kunusa. Kwa Elieza, msafara umekwamia njiani. Ni kama mzigo uliotoka Makambako ukaharibikiwa kabla ya kufika Njombe. Basi ubongo haukupata za kunusa, na haukupata za kuamuru. Mwili wake ni mzima. Unasubiri amri ambayo haijaja."

Elieza aliuliza, "Na inaweza kuja?"

"Tutaileta sisi, kwa sindano. Tutapima damu kwanza kuhakikisha. Utaota ndevu, sauti itashuka, misuli itakuja. Kupata mtoto nako kunawezekana, ila ni dawa nyingine, tutaongea wakati wake ukifika. Pua haitarudi, hilo nisikufiche." Akasita. "Mngekuja mapema ingekuwa bora. Mifupa yake imeanza kuwa dhaifu kwa kukosa hizo homoni. Itaimarika, lakini polepole. Kwenye ukoo kuna mtu mwingine wa namna hii? Asiyeota ndevu, asiyezaa, asiyenusa?"

Zipora alitaka kusema hapana. Kisha akamkumbuka shemeji yake aliyefariki miaka mingi iliyopita, kaka yake Amos, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mbao na kuimba sauti ya kwanza pamoja na wanawake.

"Valeriani," alisema. "Hakuoa. Ya pua sijui."

Daktari aliandika.

Walikula viazi vya kukaanga karibu na stendi, mama na mwana. Ungedhani siku kama hiyo watu wangerukaruka. Elieza alikula kiazi kimoja kimoja, akikitazama kila kimoja kabla ya kukitia mdomoni.

"Ndiyo maana hukunipeleka nikiwa kidato cha pili?" aliuliza mwishowe.

"Ndiyo."

"Mwalimu alikuambia."

"Aliniambia."

"Miaka yote hii, mama, misibani nakaa na watoto. Harusini natumwa chumvi. Msichana akinipenda anasema nitakuwa mdogo wake." Sauti yake nyembamba ilikuwa inatetemeka, na watu wa meza ya jirani waligeuka wakidhani ni mtoto anayelia. "Nilidhani nimerogwa. Ungeniambia kitovu, ningekwenda mwenyewe nikauliza."

"Niliogopa, mwanangu. Niliogopa utanichukia."

Elieza alisogeza sahani katikati ili na mama yake ale. Zipora alichukua kiazi kimoja, akakila.

Majibu ya damu yalipotoka yalikuwa vile vile daktari alivyosema, na Elieza alichomwa sindano ya kwanza. Alirudi nyumbani akichechemea, akajifungia ndani na kioo, kana kwamba ndevu hupanda na mtu garini. Zipora alisikia kioo kikiwekwa, kikichukuliwa, kikiwekwa. Akajifunga kitenge, akavuka ua, akaingia nyumba kubwa.

Maneno alikuwa nayo. Alikuwa ameyapika tangu Njombe, na mengine tangu zamani zaidi. Alitaka kumwambia yule bikizee: ulinivua ubinadamu kwa kipande cha ngozi. Ulimfanya mume wangu anione nuksi. Nimekuchotea maji, nimekupikia, nimekuosha miguu yako ikiwa imevimba, na hukuwahi kuniita jina. Alitaka amwambie yote, na amwone anavyotahayari.

Bibi Dorosela alikuwa ameketi karibu na moto, blanketi mabegani, macho yamefifia kwa uzee. Alizaliwa Ludewa kule ziwani, na hata baada ya miaka yote hiyo milimani, baridi ya huku ilikuwa haijamzoea.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Ni wewe, mke wa Amos?"

"Ni mimi." Zipora hakukaa. "Elieza ametibiwa. Daktari amesema si kitovu. Amesema kitovu hakijawahi kumdhuru mtu."

"Madaktari," alisema bibi.

"Amesema alizaliwa nao. Ni ugonjwa unaokwenda na pua, mgonjwa hasikii harufu. Na unakuwa kwenye ukoo. Akaniuliza kama kwenu kuna mwingine, nikamtaja Valeriani."

Mkono wa bibi uliokuwa unatafuta kijiti cha kuchochea moto ulisimama.

"Umesema pua?"

"Pua. Elieza hajawahi kusikia harufu ya kitu chochote tangu azaliwe. Aliwapa watu mafuta ya taa wanywe."

Bibi Dorosela aliurudisha mkono mapajani. Zipora alingoja. Maneno yake yote yalikuwa yamejipanga mlangoni yanasubiri kutoka.

"Valeriani alikuwa anakunywa maziwa yaliyooza," alisema bibi. "Tunamwambia acha, yananuka, anasema mnaninyima. Tukamwita mlafi. Nilimchapa kwa ajili ya maziwa." Akavuta blanketi. "Hakuwa anasikia."

"Pengine hakuwa anasikia."

"Kilimdondokea na yeye."

Zipora alidhani amesikia vibaya.

"Valeriani. Nilikuwa mgeni hapa, kilugha cha kwenu sikijui, nimetoka kukoga ziwani nimekuja kwenye barafu. Nilisinzia. Mama mkwe wangu akafungua nguo, akakikuta. Akaniambia umemuua mwanaume." Alilitamka vile vile, kwa sauti ile ile ndogo ambayo Zipora aliijua. "Nilipokikuta cha Elieza, neno lilitoka lenyewe. Sikulitunga mimi. Nililipewa, nikakupa."

Kule nje mvua ilianza kudondoka kidogo kidogo juu ya bati, ikaacha.

"Alipokuwa anakata roho nilimwomba msamaha," aliendelea bibi. "Nikamwambia Valeriani, mimi mama yako nilisinzia, nisamehe. Akaniuliza, msamaha wa nini. Hakuwa anajua. Nikaogopa kumwambia, akafa hajui, na mimi nikabaki na mzigo huo." Midomo yake ilikuwa inacheza. "Mwambie tena huyo daktari alivyosema. Sema pole pole."

Zipora alisema tena. Alisema kwa utaratibu, kipande cha ngozi, tumboni, mimba changa, njia ya pua, msafara uliokwama. Alipofika kwenye maneno kwamba hakuna mama aliyefanya kosa, ambayo daktari hakuyasema hivyo hasa, aliyaongeza mwenyewe. Aliyasema mara mbili. Yale aliyoyapika yalikuwa yamepoa, na hakuona pa kuyapakulia. Hasira ilikuwepo bado, msidhani iliyeyuka. Lakini alikuwa amekuja kumpiga mtu na amemkuta ana alama zile zile alizonazo yeye.

"Nipeleke kwake," alisema bibi.

"Kwa Elieza?"

"Kwa Valeriani."

Makaburi ya nyumba hiyo yako ng'ambo ya mianzi, mteremko mdogo unaoteleza wakati wa masika. Zipora alimshika mkono. Mzee wa miaka hiyo ni mwepesi, mifupa tu na nguo, lakini walikwenda kwa kusimama simama, na Mzee Methusela aliyekuwa anapita njiani na ng'ombe wake aliwatazama wawili hao wameshikana mikono, akasahau hata kusalimia.

Msalaba wa saruji ulikuwa umeinama. Magugu yalikuwa yamefika kiunoni, kwa maana msimu huo kila mtu alipalilia mahindi yake. Bibi Dorosela hakuweza kuchuchumaa tena. Aliukamata msalaba, akajishusha taratibu mpaka akakaa chini kwenye udongo uliolowa, akanyoosha miguu yake yote miwili mbele, kama anavyokaa mzazi anayengoja kupakatishwa mtoto. Akaanza kuongea na kaburi kwa Kipangwa, lugha ya kwao. Zipora ni Mbena, maneno mengi yalimpita, ila jina la Valeriani lilirudi na kurudi, na mara moja bibi aliigusa pua yake mwenyewe, kama anamwonyesha mtu.

Zipora alianza kung'oa magugu upande wa miguuni. Aling'oa kwa mikono miwili, akayarundika, akang'oa mengine. Matope yalimfika kwenye viwiko.

Bibi alinyamaza. Akageuza uso kuelekea kule ziliko sauti za magugu yanayong'oka.

"Zipora," alisema. "Acha hayo. Kaa na wewe. Hujakaa tangu umzae Elieza."

Zipora alisimama na magugu mkononi, hajui ayaweke wapi. Kisha akakaa.